JE, MIAKA MINGI HUOSHA DAMU?



Karatasi hii haikufika mkononi mwako kwa bahati. Labda umepewa hapa uwanjani Karatu. Labda umeikuta kwenye kiti cha basi la Mang'ola, au mwenye duka amekufungia nayo maandazi. Vyovyote vile, usiitupe. Kaa chini uisome mpaka mwisho, kisha ujihukumu mwenyewe.

Mimi si msomi. Nilimaliza darasa la saba, nikasoma kozi ya Biblia, basi. Lakini kijana mmoja aliniuliza swali ambalo liliniondolea usingizi, nami nimeona nisibaki nalo peke yangu. Swali lenyewe ni hili: je, ni halali mtu kufurahia wimbo unaosifu mauaji, kwa sababu tu mauaji yale ni ya zamani na wauaji ni babu zetu?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, nikaaibika.

SIMBA NDANI YA SIMU

Kijana huyo ni wa kanisani kwetu. Kazi yake ni kumsaidia mpishi kwenye safari za watalii, wale wanaopiga hema juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Safari moja alikuwa na wageni kutoka Sweden. Usiku, wakiota moto, baridi ile ya kule juu mnaijua, mgeni mmoja akampa vifaa vya masikioni akamwambia: sikiliza, hizi ni habari za babu zetu. Kijana akasikiliza, akapenda. Mgeni akamwekea nyimbo zote kumi kwenye simu yake.

Jumamosi akaja kwangu. "Shikamoo mwinjilisti." Nikaitikia marahaba, karibu mdogo wangu. Akasema, "Nina kitu kwenye simu, sijui kama ni dhambi." Nikasikiliza. Ndugu yangu, nilidhani simba ameingia ndani! Mtu ananguruma kutoka tumboni, ngoma zinakimbia kama pundamilia waliofukuzwa, magitaa yanapiga kelele. Sikumaliza hata dakika mbili. Nikamwambia, "Futa hiyo. Hiyo ni ya shetani."

Hakubisha. Akaitazama simu yake, kisha akasema kwa upole tu, "Sawa, mwinjilisti. Na ule wimbo ulioimba kwenye harusi ya nyumbani kwenu, nao tuufute?"

Nikanyamaza. Nikajifanya kutafuta Biblia yangu, na Biblia ilikuwa mkononi.

Wacha nikueleze wimbo huo. Sisi kwetu ni Wairaqw. Uko wimbo wa zamani unaomsifu mtu wa ukoo wetu aliyewafuata Wamang'ati walioiba ng'ombe, akawafikia bondeni upande wa Eyasi, akarudi na ng'ombe na mkuki wenye damu. Ni wimbo mtamu, unachezesha mpaka wazee. Siku ile ya harusi mimi ndiye niliyeuanzisha, mimi mwinjilisti. Watu wakaitikia, akina mama wakapiga vigelegele. Wakati huo shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa anapita na sufuria ya pilau. Yeye ni Mdatoga, yaani huyo tunayemwita Mmang'ati. Akaweka sufuria chini polepole, akatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Nilimwona. Nikaendelea kuimba.

Sasa umeelewa kwa nini kijana alininyamazisha.

NI NYIMBO GANI HIZO ZA WASWIDI?

Niliona si haki kuhukumu kitu nisichokijua. Nikamwita kijana, nikasikiliza zote kumi, nikauliza kwa waongoza watalii wanaojua Kiingereza vizuri kuliko mimi, nikasoma nilichoweza.

Kundi linaitwa Amon Amarth. Ni watu wa Tumba, mji ulio karibu na Stockholm, nao walianza mwaka 1992. Jina lao wamelitoa katika riwaya za Mwingereza J.R.R. Tolkien, nalo ni jina la mlima wa moto. Kumbe na sisi tuna wetu! Ol Doinyo Lengai upo hapo nyuma ya Ngorongoro, Wamasai wakiuita mlima wa Mungu, nao ulilipuka mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya albamu hii kutoka. Albamu yenyewe inaitwa Twilight of the Thunder God, maana yake machweo ya mungu wa radi. Ilitoka mwaka 2008.

Muziki wa namna hiyo wanauita metali ya kifo yenye melodia. Usitishwe na jina. Ile ngurumo ni ufundi wa koo, watu wanajifunza, kama vile Mmasai anavyojifunza kuvuta sauti nzito ya kifuani wakati wenzake wanaruka. Na chini ya ngurumo, ukitulia, utasikia magitaa mawili yakienda pamoja kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule unashuka. Hiyo ndiyo melodia, na ni nzuri. Nisiseme uongo kwenye karatasi ya Mungu: ni nzuri.

Wala si mambo ya Ulaya tu. Nairobi wapo vijana wanaopiga muziki wa chuma kwa miaka mingi, na kundi lao moja liitwalo Duma lilitoa albamu mwaka 2020.

Basi maneno ya hao Waswidi yanahusu nini? Yanahusu Waviking. Hao walikuwa watu wa Sweden, Norway na Denmark, mabaharia hodari, wafanyabiashara, na pia wanyang'anyi. Mwaka 793 walivamia kisiwa cha Lindisfarne huko Uingereza, penye watawa wasio na silaha. Wakaua, wakapora vyombo vya kanisa, wakachukua mateka. Mwaka 865 wakaja Uingereza na jeshi zima. Walikamata watu na kuwauza utumwani, na sisi watu wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa hilo maana yake nini. Ndani ya albamu hiyo uko wimbo ambao jina lake ni swali: yuko wapi Mungu wako? Ni kejeli kwa Wakristo.

Niliposikia hivyo nikasema, haya, nilikuwa sahihi, ni ya shetani! Lakini swali la kijana lilikuwa bado limesimama mlangoni. Na wimbo wako, mwinjilisti?

TUANZE KWA KUONDOA KISICHO NA KOSA

Ndugu msomaji, mtu akitaka kupepeta, kwanza aondoe makapi. Wengi wetu tunahukumu muziki kwa sauti yake. Ukipigwa kwa kelele ni wa kuzimu, ukipigwa polepole ni wa mbinguni. Hii si kweli! Zaburi ya 150 inataja matoazi yavumayo sana, na tukifanya mkutano hapa Karatu spika zetu zinasikika mpaka mbali. Kelele haina dhambi. Gitaa ni mbao na waya. Ngozi ya ngoma ni ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe hana dini.

Tena hao wanamuziki si wauaji. Sweden haijapigana vita yake tangu mwaka 1814. Watu waliokaa miaka zaidi ya 200 bila vita ndio wanaoimba habari za shoka. Ajabu, siyo? Lakini ndivyo ilivyo. Nadhani wanaimba vizuri hivyo kwa sababu ni mbali. Hakuna mtu katika ukumbi wao atakayesimama aseme, yule mtawa alikuwa babu yangu, sitisheni muziki.

Basi hapa ndipo penye kiini. Swali si sauti. Swali ni umbali. Je, miaka ikiwa mingi, damu inageuka kuwa rangi tu ya kupambia wimbo?

SASA TUINGIE NYUMBANI KWETU

Ni rahisi kumhukumu Mswidi. Tuje Ngorongoro.

Watalii wanashuka kreta kutazama faru na simba. Sisi wenyeji tunajua kwamba ile ni nyumba iliyohama wenyewe. Wadatoga walikaa mle na mifugo yao. Kisha, kabla ya katikati ya karne ya 19, Wamasai wakaja na nguvu, wakapigana nao, wakawatoa. Wadatoga wakasogea kusini, kuelekea Eyasi, Mbulu na Hanang. Karibu na msitu wa Lerai, ndani ya kreta, ipo miti mikubwa ambayo wazee huionyesha kuwa ni kaburi la kiongozi wa Kidatoga. Wazee wao wamekuwa wakirudi pale kuomba, wakiomba juu ya kaburi lililo katika nchi waliyopoteza.

Na hata jina! Hili neno Mang'ati tunalolitumia kila siku sokoni, eti nitumie Mmang'ati anichungie ng'ombe, ni neno lililotoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Sikiliza vizuri. Tunamwita jirani yetu "adui" kama jina lake la kawaida, na hatusikii tena. Wimbo wa vita umeisha, lakini umeacha jina, na jina linaendelea kuimba lenyewe.

Wadatoga nao wana yao. Zamani mtu wao aliyeua simba, au tembo, au adui wa watu wake, alipewa heshima kubwa. Alipakwa mafuta, alivishwa mapambo ya wanawake, akapita kwa watu wake akiimba aliyoyafanya, akapewa ng'ombe. Na adui huyo angeweza kuwa nani? Angeweza kuwa babu yangu.

Na sisi Wairaqw tusijifanye malaika. Wazee wetu walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa likawa sawa na ardhi, ili Wamasai wakipita juu wasijue kuna watu na ng'ombe chini. Watu waliojificha hivyo wakitoka, wanatoka na wimbo. Mtu aliyeogopa kwa muda mrefu anapenda sana kuimba siku alipoogopwa yeye.

Unaona? Kila boma lina albamu yake. Kila moja ndani yake ni shujaa, na mwenzake ni nyama ya fisi.

WANAOTETEA WANASEMAJE?

Nilimpelekea mzee mmoja swali hili, mtu mwenye hekima, nikamwona akikunja uso. Akasema: "Mtoto asiyejua babu yake alisimama wapi, atakimbia mbele ya mbwa." Maana yake, wimbo wa vita hufundisha ujasiri na kumbukumbu. Ukifuta nyimbo, umefuta shule.

Hilo ni neno zito, nami silipuuzi. Tena mtu anaweza kunibana kwa Biblia yangu mwenyewe. Je, Miriamu hakupiga tari farasi wa Farao walipozama? (Kutoka 15). Je, Debora hakuimba juu ya Sisera aliyepigwa kigingi kichwani? (Waamuzi 5). Kama hizo zimeandikwa, kwa nini Mswidi azuiwe? Kwa nini bibi yangu azuiwe?

Nilikaa na Biblia siku nyingi kwa ajili ya hilo. Nitakuambia nilichokiona, nawe uchunguze kama ndivyo.

Kwanza nilikwenda kwenye wimbo wa kwanza kabisa wa kujisifu kwa kuua, Mwanzo 4:23-24. Mwimbaji ni Lameki. Anawaimbia wake zake, Ada na Sila, kwamba amemuua mtu kwa sababu ya jeraha. Angalia watoto wa Lameki ni nani. Yabali ni baba wa wafugaji. Yubali ni baba wa wapiga kinubi na filimbi. Tubal-kaini ni mfua shaba na chuma. Ng'ombe, muziki na chuma, vyote nyumba moja, na baba yao anaimba mauaji! Ukisoma pale unadhani aliyeandika alikuwa amekaa Karatu. Lakini Biblia haisemi ng'ombe ni wabaya, wala kinubi, wala chuma. Inatuonyesha tu kwamba vitu hivyo vitatu vinaweza kukua chini ya paa moja na wimbo mbaya.

Pili nilikwenda 1 Samweli 18. Vita vimeisha, wanawake wanatoka mijini wakicheza, wanahesabu maiti za Sauli na maiti za Daudi, Daudi anazidi. Wimbo wa furaha tu! Lakini kesho yake Sauli alimrushia Daudi mkuki. Ndugu, mkuki ule ulitoka kwenye wimbo. Usiniambie wimbo ni maneno tu.

Tatu nikafika 2 Samweli 1, na hapo nikasimama. Sauli amekufa, yule aliyemwinda Daudi porini kama kanga. Sasa ndiyo nafasi ya Daudi kuimba ushindi! Badala yake anaimba maombolezo. Anasifu ujasiri wa Sauli, anamlilia Yonathani, na anataka habari isifike mijini kwa Wafilisti, binti zao wasije wakashangilia. Na wimbo huo aliamuru watu wa Yuda wafundishwe. Ni wimbo wa vita, una upinde na ngao na damu, unatunza kumbukumbu, unafundisha ujasiri. Lakini hauchezi juu ya maiti.

Hata Debora, ukisoma mpaka mwisho, yumo mama mmoja anayechungulia dirishani akingoja gari la mwanawe ambaye hatarudi. Ni mama wa adui. Unaweza kusema anachekwa, sawa, lakini yumo. Ukishamwona pale dirishani huwezi kumtoa tena kichwani.

Basi nikaelewa. Mzee yule alisema kweli kwamba wimbo ni shule. Lakini shule inafundisha zaidi ya somo moja. Wimbo mmoja unaweza kufundisha kusimama imara, na mwingine ukafundisha kutowaona watu.

MUNGU WA RADI NA HATUA TISA

Nirudi kwa Waswidi, maana iko jambo ambalo kijana hakulijua na mimi sikulijua.

Jina la albamu linatoka katika hadithi ya kale. Mungu wa radi, Thor, anapigana na nyoka mkubwa siku ya mwisho. Anamuua. Anatembea hatua tisa, kisha anaanguka na kufa kwa sumu ya nyoka. Hatua tisa tu! Hao Waviking, na mashoka yao yote, waliamini kwamba mungu wao mwenye nyundo ataanguka. Walijua nguvu ina mwisho.

Na sisi tumeuona mwisho huo kwa macho. Wamasai waliochukua kreta walikuwa kama radi. Lakini baada ya mwaka 1890 sotoka ikaua ng'ombe. Machi 1892 Mwaustria Oscar Baumann aliposhuka Ngorongoro, alikuta Wamasai wamebaki mifupa kwa njaa, wanawake na watoto wakiomba chakula. Kutoka ushindi mpaka njaa ile haikupita hata miaka 100. Zihesabu wewe mwenyewe zilikuwa hatua ngapi.

Jambo la pili. Nani aliyeandika hadithi hiyo ya Thor ikatufikia? Ni mtu wa Iceland, Snorri Sturluson, karibu mwaka 1220. Nchi yake ilikuwa imekubali Ukristo tangu mwaka 1000 hivi. Ni Mkristo aliyeitunza hadithi ya miungu ya babu zake! Hakuiabudu, wala hakuichoma. Kutunza si kuabudu. Mimi niliyesema "futa hiyo" kabla ya dakika mbili, nilifundishwa na mtu aliyekufa miaka 780 iliyopita.

Na lile swali la kejeli, yuko wapi Mungu wako? Swali hilo halikuanza Sweden. Limo ndani ya Zaburi ya 42, adui analiuliza, na mtu wa Mungu ameliandika bila kulificha. Kwa hiyo nisiliogope. Mtawa wa Lindisfarne aliulizwa kwa shoka, na siku ile hakuna aliyemjibia.

Lakini tazama miaka inavyokwenda. Norway ni nchi ya hao Waviking. Mwaka 1955 wamisheni wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali Haydom, kule Mbulu, katikati ya Wairaqw na Wadatoga. Mjukuu wa mnyang'anyi wa bahari alivuka bahari na dawa. Wodini pale Mwiraqw na Mdatoga wamelala vitanda vinavyofuatana, na damu inayotolewa kwa mmoja inaweza kumfaa mwingine. Mimi naliona kuwa ndilo jibu, ingawa lilichelewa.

Nisiseme nusu ya ukweli, maana nusu ya ukweli nayo ni wimbo wa kujisifu. Norway haikuamini yote kwa upole. Mfalme Olaf Tryggvason, aliyetawala kuanzia mwaka 995 mpaka 1000, alilazimisha watu ubatizo kwa upanga. Hata sisi wa kanisa tuna nyimbo ambazo hatupaswi kuziimba kwa kucheza.

NILIPOKWENDA KWA SHEMEJI

Sasa wewe msomaji unasema, mwinjilisti, umeongea sana, umefanya nini?

Nilikwenda kwa kaka jioni. Shemeji alikuwa jikoni. Nikakaa kwenye kigoda, nikazungukazunguka habari za mvua na mahindi. Mwishowe nikasema, "Shemeji, siku ile ya harusi, ule wimbo. Nilikuona ukitoka, na nikaendelea. Nimekosa, nisamehe."

Akasogeza kuni. Akacheka kidogo. Akasema, "Shemeji, kwani ulifikiri sisi hatuna?"

Nikamuuliza, hamna nini? Akasema, "Wimbo. Bibi alituimbia tukiwa wadogo. Una Mwiraqw ndani yake, amejificha kwenye shimo lake, na babu yetu anamtoa. Ni mtamu kuliko wa kwenu. Nilipoolewa hapa nikaacha kuuimba. Hakuna aliyeniambia niache."

Nikasema, basi siku ile ulitoka kwenda kulia.

Akanitazama. "Nilie nini? Nilitoka nisije nikaanza kuuimba wangu."

Ndugu msomaji, nimehubiri miaka kadhaa, lakini pale kwenye kigoda nilihubiriwa. Mwanamke aliyebeba pilau yetu alikuwa na mkuki mdomoni, akautoa nje akauweka, akarudi kupakua chakula. Na mimi mwenye kipaza sauti ndiye niliyeshindwa kufunga mdomo.

MASWALI MATATU KWA KILA WIMBO

Nilimwita kijana nikamwambia, nilikupa amri kabla ya kufikiri. Sasa sikupi amri, nakupa maswali matatu. Wewe nawe yachukue, uyapime kwa wimbo wowote, wa Sweden, wa Nairobi, wa boma lenu, hata wa kwaya.

La kwanza: Nani hayumo? Wimbo unamtaja shujaa na mkuki wake. Je, mama wa aliyechomwa yumo? Kama ametolewa nje ili wewe ufurahi, basi furaha yako imejengwa juu ya mtu aliyefichwa.

La pili: Je, unaweza kuuimba mjukuu wa adui akiwa amekaa pembeni yako anakula? Mswidi anaona hana mjukuu wa mtawa pembeni yake, labda. Sisi wa Karatu hatuna nafasi hiyo. Mjukuu wa adui yuko hapa. Ni shemeji yako, ni dereva wako, ni nesi anayekuchoma sindano. Kwetu hakuna umbali. Miaka mingi haioshi damu. Kinachosaidia ni watu wa pande zote mbili kukaa sahani moja na kusema mambo yalivyokuwa.

La tatu: Wimbo ukiisha, mkono wako unataka nini? Ukitaka kumshika mtoto, kufanya kazi, kusimama imara siku ya shida, wimbo huo umekufundisha ujasiri. Ukitaka fimbo, kumbuka mkuki wa Sauli.

Kijana akaondoka na simu yake. Baada ya wiki akarudi. Nikamuuliza, umefuta? Akasema amefuta baadhi, nyingine bado anafikiri. "Ule wa mwisho nimeubakiza," akasema. Wimbo huo wa mwisho unahusu mtu anayesafiri kwa bahari kurudi kwao, na maji yanamchukua. Hausifu upanga. Akaniambia anapoosha sufuria kule juu kwenye ukungu, anausikiliza na kufikiria wale waliotolewa ndani ya kreta wakatamani kurudi. Sikuwa na neno la kumwongezea.

Na ule wimbo wetu? Sijaufuta. Nimemwomba mzee aniandikie maneno yote, yakae kwenye daftari, watoto wajue palikuwa na vita, nani aliiba na nani aliuawa. Lakini harusini siuimbi. Sisi Wairaqw tuna slufay, maneno ya wazee ya kuomba mvua, amani na uzazi, mmoja anatamka na wengine wanaitikia. Hiyo ndiyo nitakayoomba ianzishwe harusi ijayo, maana hapo Mdatoga, Mmasai na Mwiraqw wote wanaweza kuitikia bila mtu kutoka nje. Na neno Mang'ati nimeliacha. Linanitoka bado kwa mazoea, lakini nikilitamka najisikia.

Wewe je? Leo usiku ukirudi nyumbani, kabla ya kulala, jiulize ni wimbo gani unaoimba ambao jirani yako hutoka nje ukiuanza. Kama humjui jirani huyo, chunguza mlango wa nyuma. Ukimwona, usifanye kama mimi. Nyamaza, umfuate, umwombe arudi mezani.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.